Mlevi Hana Upungufu wa Aibu

Ipo hoja inayosikika katika vikao vya ukoo, katika mabaraza ya kata, misikitini na makanisani, na hata kwenye mabenchi ya kusubiria daktari, ya kwamba mlevi aliyekubuhu ni mtu aliyekwisha kuvua nguo ya haya, na kwamba dawa yake ni kumvisha tena haya hiyo kwa nguvu: atajwe hadharani, atengwe, watoto wamzomee, mkewe ashauriwe kumkimbia, mgambo wamwadhibu. Hoja hiyo ina pacha wake, ambaye huelekezwa kwa mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa akili unaomwondolea mtu furaha, usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kutenda kwa majuma mfululizo. Huyo naye huambiwa kwamba anajidekeza, kwamba wenzake wenye shida kubwa zaidi wanaamka na kwenda shamba, na kwamba akikemewa sawasawa atasimama. Hoja zote mbili zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba wagonjwa hawa wamepungukiwa na kujilaumu. Makala haya yanaipinga dhana hiyo tangu msingi wake, kwa kuwa mlevi na mwenye sonona hawakupungukiwa na lawama bali wamezidiwa nayo, na kila anayewaongezea anaurefusha ugonjwa anaodai kuutibu.

Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele katika Mkoa wa Katavi, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, ni mahali panapofaa kuupima mjadala huu, kwa sababu pale pombe haiwezi kuzungumzwa kama uovu ulioletwa na wageni. Ni nchi ya Wakonongo, nchi ya misitu ya miombo ambako wanaume wametundika mizinga ya magome juu ya miti kwa vizazi vingi na kwenda kuishi kambini msituni majira ya kurina, na ambako tumbaku ni zao la fedha linalouzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Asali iliyokamuliwa hupelekwa sokoni, nayo masega yaliyobaki yanaweza kuoshwa kwa maji, maji yale yakaachwa yachachuke kwa siku kadhaa, na hapo ikapatikana wanzuki, pombe ya asali, ambayo mnywaji huipokea katika kopo huku povu na chembe za nta zikielea juu yake. Mpishi na muuzaji wa pombe za kienyeji kwa kawaida ni mwanamke, na fedha anayoipata ndiyo inayonunua daftari, sabuni na chumvi. Pombe hizo zimo katika malipo ya kazi ya pamoja shambani, zimo katika harusi na misiba, zimo katika matambiko, na zimo katika sare ya shule ya mtoto ambaye huenda baba yake ndiye mteja mkubwa wa kilabu.

Hapo ndipo ubovu wa kwanza wa hoja ya kuaibisha unapoonekana. Fedha ya tumbaku haiji kila mwezi kama mshahara. Huja kwa msimu, baada ya deni la mbolea kukatwa, na siku inapofika vilabu hujaa, marafiki huongezeka, na anayenunua raundi huitwa mkubwa. Jamii nzima inashiriki katika unywaji huo na sehemu yake inaishi kwa faida yake. Miezi michache baadaye, mmoja kati ya wanywaji wale, ambaye mwili wake umeshindwa kuachana na pombe kama wenzake walivyoachana nayo fedha ilipokwisha, anapewa jina la chapombe na kubebeshwa peke yake aibu ya karamu iliyokuwa ya wote. Faida imegawanywa, fedheha imelimbikizwa. Ni hesabu ya ajabu, na haishangazi kwamba hutetewa kwa sauti kubwa zaidi na wale waliopata faida.

Dola nayo imekuwa na mazoea ya kuhesabu namna hiyo. Azimio la Arusha la 1967 lilitaja unywaji miongoni mwa mambo yanayopoteza nguvu za mamilioni ya wanaume vijijini, jambo lililokuwa na ukweli wake kiuchumi, lakini lilimweka mlevi katika safu moja na mpiga soga na mcheza ngoma, yaani mtu anayechagua starehe badala ya kazi. Sheria ya Nguvukazi ya 1983 ikaendeleza mtazamo uleule dhidi ya aliyeonekana hana kazi. Katika lugha ya kisiasa ya miaka hiyo, mvivu, mzembe, mzururaji na mlevi walikuwa watu wa ukoo mmoja, na mtu mwenye sonona, ambaye dalili yake mojawapo ni kushindwa kunyanyuka kitandani asubuhi, hakuwa na jina lake mwenyewe na kwa hiyo alipewa mojawapo ya hayo manne. Marufuku ya pombe za viroba iliyoanza tarehe 1 Machi 2017 ilikuwa hatua ya aina nyingine na yenye busara zaidi, kwa sababu ililenga bidhaa na bei yake, haikulenga nafsi ya mnywaji.

Kabla ya kwenda mbele ni lazima kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Hatia, kwa maana inayotumika katika saikolojia, ni maumivu yanayompata mtu kwa sababu ya tendo: ameuza mbuzi wa mkewe, amempiga mtoto, amelala njiani siku ya mazishi ya shemeji yake. Tendo lina siku yake, lina mtu aliyeumizwa nalo, na kwa hiyo lina njia ya kulipiwa. Aibu ni maumivu yanayompata mtu kwa sababu ya nafsi yake nzima mbele ya macho ya wengine, yawe macho halisi au ya kufikirika. Mwenye aibu haoni kwamba ametenda ubaya, anaona kwamba yeye ndiye ubaya wenyewe. Hatia humsukuma mtu amfuate aliyemkosea, aibu humsukuma akimbie na kujificha. Mwanasaikolojia wa Marekani, Helen Block Lewis, aliifafanua tofauti hii katika kitabu chake cha 1971, na mwaka 2005 June Tangney na wenzake walichapisha matokeo yanayoonesha kwamba watu wepesi wa kuona aibu huwa na matatizo mengi zaidi ya pombe na dawa za kulevya, ilhali wepesi wa kuona hatia juu ya tendo mahususi huwa nayo machache. Wanaohubiri kuaibisha kwa hiyo wanaikuza ile hisia inayokwenda pamoja na ulevi, huku wakiizika ile ambayo ingeweza kuwasaidia.

Ushahidi wa kwamba mlevi hakupungukiwa na lawama umo katika vifaa vyenyewe vya tiba. Mwaka 1984 daktari John Ewing wa Marekani alichapisha hojaji fupi ya maswali manne ya kumtambua mtu mwenye tatizo la pombe, ijulikanayo kama CAGE. Inauliza kama mtu amewahi kuona kwamba apunguze kunywa, kama ameudhiwa na watu wanaomsema kwa unywaji wake, kama amejiona ana hatia kwa sababu ya kunywa, na kama amewahi kunywa pombe asubuhi ili kutuliza mwili, jambo ambalo wanywaji wa Tanzania huliita kuzimua. Hojaji nyingine, AUDIT, iliyoandaliwa chini ya Shirika la Afya Duniani, ina maswali 10, na moja kati yake linauliza ni mara ngapi katika mwaka uliopita mtu amejutia au kujilaumu baada ya kunywa. Hojaji hizi mbili zimetafsiriwa kwa Kiswahili na kupimwa kwa wagonjwa katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi. Maana yake ni nzito kuliko inavyodhaniwa, kwani daktari anayemtafuta mlevi hatafuti mtu asiye na haya, bali hutafuta mtu anayejilaumu, na kadiri lawama hiyo inavyojirudia ndivyo alama za ugonjwa zinavyopanda. Kama dhana ya mtaani ingekuwa kweli, swali hilo lingefutwa siku nyingi, kwa maana walevi wote wangejibu hapana.

Kwa upande wa sonona jambo ni wazi zaidi. Kujiona mwenye hatia kupita kiasi, au kujiona mtu asiye na thamani, kumeorodheshwa katika miongozo ya kimataifa miongoni mwa dalili zenyewe za ugonjwa huo, kando ya kukosa usingizi na kupungua uzito. Hojaji ya PHQ-9, ambayo ina tafsiri ya Kiswahili na ina maswali tisa, inauliza waziwazi kama mtu anajiona ameshindwa au ameiangusha familia yake. Mgonjwa wa sonona hujilaumu kwa mambo ambayo hayakuwa mikononi mwake: mvua iliyokatika, mtoto aliyekufa kwa malaria, mume aliyeondoka. Kumwambia mtu huyo kwamba tatizo lake ni kutojilaumu vya kutosha ni sawa na kumwambia mwenye homa kwamba mwili wake unahitaji joto zaidi.

Dhana hii ina babu aliyevaa koti la daktari, na ni vema wanaoishika leo wajue wanarithi nini. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari jijini Nairobi wakati wa ukoloni, aliandika kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na humo alidai kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika, na kwamba sababu mojawapo ni wao kutokuwa na hisia ya kuwajibika binafsi. Mwafrika, kwa maelezo hayo, hakuwa na nafsi ya kutosha ya kujishitaki. Hitimisho hilo lilitokana na kuwatazama waliofika hospitali, na waliofika hospitali ya kikoloni walikuwa wale waliovuruga amani, wakaletwa na polisi. Mwanamke aliyekuwa amejikunja kimya nyumbani akijilaumu hakumsumbua mkuu wa wilaya, kwa hiyo hakuingia katika daftari la Carothers.

Ukweli ulikuwa vijijini, na ulipotafutwa ulipatikana. Margaret Field, aliyefanya kazi Ghana na kuchapisha utafiti wake mwaka 1960, alikuta kwenye madhabahu za waganga wanawake wengi wenye sonona waliokuja wenyewe kukiri kwamba wao ni wachawi na kwamba wameua watu wao. Waliokuwa wakisema kwamba Mwafrika humtupia mchawi lawama zake zote hawakuwa wamefikiria mtu anayejitwika yeye mwenyewe uchawi, na ni vigumu kuwaza namna ya kujishitaki iliyo kali kuliko hiyo. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha uchunguzi wa vijiji viwili vya Uganda, wakawalinganisha wanawake wa huko na wa Camberwell, London, na wakakuta kwamba sonona ilikuwa nyingi zaidi na kali zaidi Uganda. Nadharia ya Carothers ilivunjika kabisa katika vitabu vya kitaalamu. Inasikitisha kwamba imesalimika katika vinywa vya wajukuu wa watu aliowadharau, ambao leo wanamtazama jirani yao aliyelala shimoni na kusema, kwa uhakika uleule wa daktari yule, kwamba huyo hana hisia.

Katavi yenyewe ina ushahidi wake. Katika nchi ya Wapimbwe, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Rukwa na leo ni Halmashauri ya Mpimbwe, jirani ya Inyonga ndani ya wilaya ileile ya Mlele, mwanaanthropolojia Craig Hadley na wenzake waliwahoji wanawake wa Kipimbwe na wa Kisukuma kuhusu chakula cha kaya na kuhusu dalili za wasiwasi na sonona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 pamoja na Crystal Patil yalionesha kwamba kadiri kaya ilivyokosa uhakika wa chakula ndivyo dalili za mama zilivyokuwa nyingi, na kazi iliyofuata mwaka 2008 ikafuatilia jinsi hali hizo mbili zinavyobadilika pamoja kwa majira. Hali ya mama anayepakua uji mwembamba wakati ghala limeisha, akasikia moyoni kwamba yeye ni mama mbaya, inafuata kalenda ya kilimo. Mhubiri anayemwambia atubu uvivu wake mwezi wa njaa, kisha akamwona amechangamka baada ya mavuno, hujisifu kwamba mahubiri yamefanya kazi, ilhali kilichofanya kazi ni mahindi.

Swali linalobaki ni namna ambavyo aibu humrudisha mtu kwenye pombe, na hapa utaratibu wake unajulikana vizuri. Pombe, kwa muda mfupi, huzima fikra ya mtu juu ya nafsi yake. Ndiyo maana aliyejaa aibu huipenda. Inapokwisha mwilini, huacha nyuma hali ya moyo iliyo nzito kuliko ile ya kwanza, na juu yake hurundikana matendo ya jana ambayo mnywaji huyakumbuka nusunusu na kujaziwa nusu nyingine na majirani. Aibu mpya inatafuta kizimio chake, na kizimio chenyewe kipo hatua chache kutoka mlangoni. G. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika miaka ya 1980 kinachompata mtu aliyeacha pombe kisha akateleza kwa kopo moja: asipoliona kopo lile kama tukio moja lenye sababu zake, bali kama uthibitisho kwamba yeye ni mlevi wa asili, hukata tamaa na kunywa mpaka mwisho. Waswahili husema kuteleza si kuanguka, lakini anayezomewa baada ya kuteleza hufundishwa kwamba ameanguka tayari.

Mwaka 2013 Daniel Randles na Jessica Tracy, watafiti nchini Kanada, walichapisha utafiti ambao hauwapi watetezi wa aibu mahali pa kukimbilia. Waliwarekodi kwa video watu walioacha pombe hivi karibuni wakieleza mara ya mwisho walipokunywa na kujisikia vibaya, kisha wakapima ishara za aibu katika miili yao, yaani mabega yaliyoshuka na kifua kilichonywea, badala ya kutegemea maneno yao. Miezi kadhaa baadaye, waliokuwa wameonesha aibu zaidi ndio walioelekea zaidi kurudia pombe, na waliorudia walikunywa nyingi zaidi. Ile picha ya mlevi aliyeinamisha kichwa mbele ya wazee, ambayo baraza huipokea kama dalili njema ya kuingiwa na adabu, ni dalili ya hatari. Hata ukali wa mshauri una gharama: William Miller na wenzake waliripoti mwaka 1993 kwamba kadiri mshauri alivyombana na kumkabili mteja wake, ndivyo mteja yule alivyoonekana kunywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi, nayo ni ya mwili. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla, huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya siku moja, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huingia katika hali ya kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwapo na kupandwa na homa, hali inayoweza kuua isipotibiwa. Zipo dawa za kuivusha hali hiyo, na diazepamu na vitamini B1 si vitu vigeni katika hospitali ya wilaya. Lakini utaratibu wa kuaibisha humtaka mtu aape mbele ya kadamnasi kwamba anaacha leo, kisha humrudisha nyumbani akapigane peke yake, au humfungia mahabusu hadi asubuhi. Akitetemeka, husemwa ni mapepo. Akinywa ili kutuliza mtetemeko, husemwa ni mwongo. Aliyeapa hadharani hana njia ya kurudi kuomba msaada bila kujitangaza kuwa amevunja kiapo.

Wapo watakaosema kwamba zamani aibu ilifanya kazi, kwamba kijana hakuthubutu kunywa mbele ya wazee na walevi walikuwa wachache. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na ni nusu inayostahili kuheshimiwa. Haya iliyowekwa mlangoni, kabla mtu hajaingia, ni mpaka: huamua nani anywe, lini, na kiasi gani, na mipaka ya namna hiyo ilisaidiwa na ukweli kwamba pombe ilipikwa kwa msimu na haikuuzwa kila siku. Uraibu, yaani hali ambayo ubongo umeizoea pombe kiasi kwamba kuitamani hakutii tena uamuzi wa mtu, ni jambo la upande wa pili wa mlango. Kuchukua kilichofaa kumzuia kijana asianze na kukifanya dawa ya mzee aliyeshindwa kuacha ni kuchanganya kinga na tiba, kosa ambalo hakuna anayelifanya kuhusu chandarua na dawa ya malaria.

Wengine watasema, na hii ndiyo pingamizi yenye uzito, kwamba kumwondolea mlevi aibu ni kumsaliti mke aliyepigwa na watoto waliolala njaa. Pingamizi hiyo ingeshinda kama aibu na uwajibikaji vingekuwa kitu kimoja. Lakini mke aliyepigwa hapati kitu kutokana na mumewe kuzomewa. Anachokipata ni mume aliyerudi nyumbani na fedheha ya kuitolea mahali. Anachostahili ni ulinzi wa sheria, fedha ya mavuno ipitie mikononi mwake, na mume anayetaja kosa lake kwa jina na kulilipa. Mambo hayo ni ya hatia, hayawezi kutoka kwa mtu aliyeaminishwa kwamba yeye ni takataka, kwa sababu takataka haidaiwi. Kwa hoja hiyohiyo wanakosea wale wa upande wa pili wanaosema kwamba ulevi ni ugonjwa tu na mgonjwa hana la kujibu. Ugonjwa unaeleza kwa nini kuacha ni kugumu, haufuti deni la mbuzi.

Dini nazo hazina sababu ya kuitetea aibu. Toba, kwa Waislamu na kwa Wakristo, ina mwisho: kosa hutajwa, hujutiwa, huachwa, na haki ya mtu hurudishwa. Kilichozoeleka katika baadhi ya makanisa, ambapo mnywaji hutengwa na meza ya Bwana na jina lake kusomwa mbele ya waumini, huanza kama nidhamu ya toba lakini mara nyingi huishia kuwa alama ya kudumu, kwani aliyerudishwa bado huitwa yule aliyetengwa. Chama cha walevi wanaosaidiana cha Marekani, kilichoanzia Akron, Ohio, mwaka 1935, kilizaliwa katika mazingira ya kidini, na katika hatua zake 12 kimeweka kukiri mbele ya mtu mmoja, kuandika orodha ya waliokosewa, na kuwafidia pale ambapo kuwafidia hakutawaumiza zaidi. Nyumba za kupata nafuu za Zanzibar, zijulikanazo kama soba hausi, zimefuata hatua hizo katika jamii ya Waislamu.

Njia mbadala haihitaji majengo makubwa. Huko KCMC wauguzi wamefunzwa kuzungumza na majeruhi waliokuwa wamekunywa, katika mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako, na mazungumzo hayo mafupi huanza kwa kumwomba mgonjwa ruhusa ya kuzungumzia unywaji wake. Kuomba ruhusa! Kwa mtu aliyezoea kusemwa, neno hilo moja ni heshima ambayo hajaionja kwa miaka. Zimbabwe, Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 Benchi la Urafiki, ambapo kina bibi waliofunzwa huketi na wenye msongo wa mawazo kwenye benchi nje ya zahanati, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionesha kwamba dalili za sonona zilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limefika hadi Zanzibar. Inyonga ina bibi wengi, na ina wahudumu wa afya wa jamii. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe iko Dodoma, mbali mno kwa mrina asali wa Mlele, tena jina lake limegeuzwa tusi nchi nzima, kiasi kwamba kumpeleka mtu huko ni kumwongezea kile kinachomuua. Mahali pa kwanza pa huduma panapaswa kuwa zahanati ya kijiji, na swali la kwanza liwe lile la AUDIT, likiulizwa faraghani.

Aibu ikifika mwisho wake humfanya mtu ajaribu kujiua, na hapo sheria ya Tanzania Bara humsubiri na adhabu, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalihesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Kifungu hicho ni urithi wa sheria ya Kiingereza, na Waingereza wenyewe walikwisha kuifuta yao mwaka 1961. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, hadi tarehe 9 Januari 2025, ambapo Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kinapingana na katiba. Tanzania imekuwa na Sheria ya Afya ya Akili tangu mwaka 2008, na haiwezekani mtu yuleyule awe mgonjwa kwa sheria moja na mhalifu kwa nyingine. Bunge lina wajibu wa kukifuta kifungu cha 217, na wenyeviti wa vijiji vya Mlele, ambao hawana haja ya kulisubiri Bunge, wampeleke hospitali kwanza mtu aliyeokolewa kwenye kamba.